Uchambuzi wa kisa: Simu ya kuzungusha kwenye nyumba isiyo na laini ya waya

Kisa hiki nilikishughulikia kama fundi. Majina ya watu, mtaa na maduka nimeyaondoa, na mambo machache yasiyogusa ufundi nimeyabadilisha ili familia isitambulike. Nakiandika kwa sababu karibu kila anayenijia akitaka simu ya mtindo wa zamani kwa ajili ya sebule yake huanza na rangi: nyekundu au nyeusi? Rangi ni swali la mwisho kabisa.

Nyumba na watu wake

Mama mwenye nyumba ni mjane wa miaka sabini na kitu, anaishi mji mmoja wa mwambao wa Tanzania pamoja na mjukuu anayesoma sekondari. Ana watoto watatu. Kaka mkubwa yuko Uingereza, dada yuko Dar es Salaam, na mziwanda anakaa mtaa wa pili, ndiye anayeshughulikia mambo ya nyumbani: luku, dawa, fundi wa bomba.

Ujanani mama alikuwa karani kwenye ofisi ya shamba la mkonge, enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lile lililovunjika mwaka 1977. Mezani kwake palikuwa na simu nyeusi ya kuzungusha na ndiye aliyekuwa akiipokea. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuogopa simu. Tatizo lake lilikuwa simu ya kupangusa aliyonunuliwa na wanawe. Ncha za vidole vyake zimekauka na kioo hakimsikii. Anapotaka kupokea hutelezesha kidole upande usio, simu inakatika, na aliyepiga anadhani amekatiwa makusudi. Alikuwa pia na kitochi, lakini vibonye vyake ni vidogo na maandishi hayaoni. Mara nyingi zote mbili ziko chumbani, moja imeisha chaji na nyingine haina sauti kwa sababu mjukuu aliichezea.

Wanawe walikuwa wanapiga jioni, hawapati jibu, wanampigia jirani. Siku moja jirani naye alichoka, akawaambia wazi. Hapo ndipo mama aliposema, "Nileteeni simu ya kuzungusha. Ile mkiipiga nitaisikia hata nikiwa uani."

Ununuzi wa kwanza

Mziwanda aliingia kwenye maduka ya mtandaoni usiku huohuo. Akaona simu nyekundu ya mtindo wa kale, mkonga mkubwa umelala juu ya pembe mbili za rangi ya dhahabu, sahani ya namba katikati. Bei chini kidogo ya laki moja na nusu. Alilipa bila kuuliza swali lolote.

Ilipofika, mama aliingiza kidole kwenye tundu la sifuri akavuta. Sahani haikwenda. Matundu yale yalikuwa vibonye vilivyopangwa kwa duara. Unavibonyeza kama simu nyingine yoyote ya mezani. Mama aliurudisha mkonga mahali pake. "Hii imevaa tu," akasema. "Ndani ni nyingine."

Mziwanda hakukata tamaa. Alichomeka waya kwenye soketi ya zamani iliyoko ukutani sebuleni, akaweka mkonga sikioni. Kimya. Akanipigia akiamini kuwa ameuziwa simu mbovu, na alikuwa tayari kugombana na muuzaji.

Ukutani palikuwa na nini

Sikuigusa simu. Niliuliza iko wapi soketi. Ilikuwa imepakwa rangi pamoja na ukuta, tena zaidi ya mara moja. Niliifungua, nikaweka mita kwenye nyaya mbili. Laini hai ya shaba, mkonga ukiwa umewekwa chini, inaonyesha takriban volti 48 za mkondo mnyoofu. Ukiinua mkonga hushuka hadi volti chache, kumi hivi au pungufu. Hapa mita ilisoma sifuri. Nilifuata waya nje: unatokea dirishani, unapanda hadi chini ya bati, unaishia hewani. Umekatwa. Hakuna mtu nyumbani aliyekumbuka laini ile ilikufa mwaka gani.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokwama, kwa hiyo nikae kidogo. Simu ya kuzungusha ya kweli haina betri wala chaja. Kila kitu ililetewa na waya kutoka kituo cha simu: umeme wa kubebea sauti, mlio wa kuashiria kuwa laini iko tayari, na umeme wa kengele, ambao ni mkondo geu wa volti 75 hadi 90 hivi, mara 20 au 25 kwa sekunde. (Fundi anayeshika nyaya wakati simu inaita hasahau.) Ndiyo maana zamani umeme ulikatika mji mzima na simu ikaendelea kulia, kituo kilikuwa na betri zake. Ukiinunua leo ukaiweka kwenye nyumba isiyo na laini, umenunua pambo zito.

Na sahani yenyewe inafanya kazi ya kitoto kabisa. Unapoivuta hakuna kinachotumwa. Ni wakati inaporudi yenyewe ndipo inapokata na kuunga laini haraka haraka: namba 1 inakata mara moja, 5 mara tano, 0 mara kumi. Kasi ya kawaida ni mapigo 10 kwa sekunde. Kituo kinahesabu mapigo na kujua umetaka nani. Simu za vibonye zilizokuja baadaye hazikati laini. Zinatuma milio miwili kwa pamoja kwa kila kibonye. Vifaa vingi vya leo vinasikia milio tu. Mapigo ukivipigia, vinakaa kama havijaambiwa neno.

Njia zilizokuwepo

Tulikaa na mziwanda, dada akiwa kwenye simu kutoka Dar es Salaam. Nilimtuma mziwanda kwanza aulize kama mtaa wao unapata simu ya mezani kwa njia ya faiba, kwa sababu vifaa vingi vya faiba vina tundu la simu nyuma yake. Mtaa haukuwa umefikiwa. Njia hiyo ikafa.

Njia ya pili ilikuwa adapta ya simu za intaneti. Zipo zinazosikia mapigo moja kwa moja, unawasha tu kwenye mipangilio, na kwa mtu mwenye intaneti ya kudumu nyumbani ningeanza na hiyo. Lakini mama hana intaneti ya kudumu. Mjukuu hununua kifurushi cha siku, kikiisha kimeisha. Kumfungia mama simu inayotegemea bando la mtoto wa sekondari si busara.

Njia ya tatu ni kisanduku cha laini: kifaa kidogo chenye antena kinachobeba laini ya kawaida ya simu ya mkononi na kutoa tundu la simu ya mezani. Kinajifanya kituo cha simu. Kinatoa umeme, mlio wa laini na umeme wa kengele, na vingine vina betri ndani ya kuhimili umeme ukikatika. Tulichagua hiki, na sababu kubwa ilikuwa betri. Nilichosisitiza ni mambo mawili: kiwe cha masafa yanayotumika kwetu, kwa sababu vipo vya bei poa vilivyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ambavyo hapa havishiki mtandao wowote, na namba yake ya utambulisho, ile ya tarakimu 15, iwe halali. Tanzania ilizima simu zenye namba bandia tangu Juni 2016, na kisanduku cha laini mtandao unakiona kama simu nyingine yoyote.

Kisanduku kilipowashwa, ile simu nyekundu ilifanya kazi palepale, kwa kuwa inatuma milio. Mziwanda akasema, "Basi, yameisha." Kifedha alikuwa na hoja. Mama alipokea simu mbili tatu, akashukuru, na jioni akaweka kitambaa juu yake. Hakuitumia kupiga. Vibonye vya duara vilimchanganya kuliko vya mraba, maana kidole kilikuwa kinataka kuvuta.

Kaka mkubwa ndiye aliyeamua. "Kama ni kwa ajili ya Mama, tumletee anayoijua."

Simu ya Uingereza inafika

Alinunua huko aliko simu iliyokwisha kutumika, modeli 746 ya Posta ya Uingereza, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1967 na kuingia kwenye nyumba nyingi sana huko. Ni ya plastiki ngumu, si bakelaiti, ile plastiki ya kale. Bakelaiti ni za nyuma zaidi, kama zile za mfululizo wa 300. Nilimwambia mambo ya kumwuliza muuzaji kabla ya kulipa. Atume video ya sahani ikirudi kutoka sifuri, isikike. Atume picha ya chini ya simu, kwa sababu simu hizo hupigwa mhuri wa modeli na mwaka. Na aseme simu imefungwa plagi ya aina gani. Muuzaji alituma vyote. Bei iliizidi ile nyekundu, lakini si kwa mbali.

Ilikuja kwenye begi la mgeni. Ilikuwa na matatizo manne, na hakuna hata moja lililokuwa uharibifu mkubwa.

La kwanza, sahani ilikuwa mvivu. Kutoka sifuri inapaswa kurudi kwa sekunde moja na kidogo. Hii ilichukua karibu mbili. Nyuma ya sahani kuna kidhibiti mwendo, vizito viwili vidogo vinavyozunguka ndani ya kikombe na kusugua ukuta wake ili sahani isirudi kwa pupa. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda. Niliisafisha kwa spiriti, nikaacha ikauke, nikaweka tone moja la mafuta mepesi ya saa kwenye ekseli. Tone moja. Nimeshaletewa simu iliyotiwa mafuta ya kupikia na mtu aliyekuwa na nia njema. Ilinuka maandazi na ilikuwa haizunguki kabisa.

La pili, sauti ya mama ilifika upande wa pili imefunikwa na mikwaruzo. Kinasa sauti cha simu hizi kina chembe za kaboni, na zikikaa miaka mingi bila kutumika hushikana. Nilifungua kifuniko cha mdomoni, nikakitoa kile kidude, nikakigongagonga kiganjani. Mikwaruzo ikapungua kiasi cha kuvumilika. Kingekataa, kuna vinasa vya kisasa vyenye umbo hilohilo vya kubadilishia.

La tatu, mapigo. Kisanduku chetu hakiyasikii. Niliagiza kigeuzi, kibao kidogo kinachofungwa ndani ya simu, kinachohesabu mapigo ya sahani na kutuma milio badala yake. Kinakula umeme wa laini yenyewe, hakihitaji chaja. Kilichelewa kufika kuliko simu yenyewe, na muda wote huo simu ilikuwa ya kupokelea tu.

La nne ni kengele, na hili lina habari ndefu.

Kengele isiyolia

Tulipompigia mama, taa ya kisanduku iliwaka, simu haikulia. Ukiinua mkonga, unaongea vizuri. Mziwanda alisema kengele imekufa. Haikuwa imekufa.

Simu za Uingereza za umri ule zilipobadilishwa kutumia plagi ya kisasa ya huko, nyaya za ndani zilipangwa upya ili kengele ilishwe kwa waya wa tatu, kutoka kapasita (kidude kinachopitisha mkondo geu wa kengele na kuuzuia ule mnyoofu) iliyomo kwenye soketi kuu ya ukutani. Nje ya Uingereza soketi hiyo haipo. Laini yetu ni ya nyaya mbili tu. Ukichomeka simu hiyo kwa adapta ya kawaida, sauti inapita, sahani inapita, kengele inabaki inasubiri waya ambao haupo. Kuna tiba mbili: adapta yenye kapasita ndani yake, au kurudisha viunganishi vya ndani vilivyokuwa awali ili simu itumie kapasita yake yenyewe. Nilifanya ya pili, kwa sababu simu haitarudi Uingereza na sipendi kitu cha kuning'inia ukutani ambacho mjukuu anaweza kukichomoa.

Ikalia. Lakini ililia kinyonge: ti, ti, ti. Kisanduku kidogo hakina nguvu ya kituo cha simu, na kengele hizi zilitengenezwa kwa umeme wa kutosha. Hapa mtu angeweza kununua kifaa kingine. Kabla ya hapo, fungua simu utazame vikombe viwili vya kengele. Havikufungwa katikati sawasawa. Tundu la skrubu liko pembeni kidogo, makusudi, ili ukilegeza skrubu na kukizungusha kikombe, ukingo wake usogee karibu na nyundo au mbali nayo. Nilivizungusha kidogo kidogo, huku mziwanda akipiga simu kutoka uani na kukata, kupiga na kukata, mpaka nyundo ikawa inagusa vikombe vyote viwili kwa uwiano. Mlio ulibadilika kabisa. Mama alikuwa jikoni. Alitoka anapangusa mikono, akapita mbele yangu bila kuniona, akainua mkonga: "Haloo?" Kwa sauti ya ofisini.

Sekunde nne

Kigeuzi kilipofungwa, mama alianza kupiga mwenyewe. Namba alizisoma kwenye daftari. Karibu kila mara aliambiwa namba anayopiga haipo.

Kisanduku kilikuwa kimepangwa kungoja sekunde 4 baada ya tarakimu ya mwisho, kisha kupiga. Kwa vidole vya kijana kwenye vibonye, muda huo unatosha na kubaki. Kwa sahani ni habari nyingine. Tarakimu 9 peke yake inavutwa, inaachwa, inarudi karibu sekunde nzima. Halafu mama anainama kwenye daftari, anatafuta alipoishia, anarudi kwenye sahani. Nne zimekwisha. Kisanduku kimeondoka na nusu ya namba. Simu ya mkononi ya Tanzania ni tarakimu 10, na hata mwenye kasi humchukua sekunde 20 na ushee kuimaliza.

Dawa ilikuwa kuongeza muda wa kungoja hadi sekunde 8. Mpangilio huo hubadilishwa kwa kupiga nambari za siri zenye nyota na reli, na sahani ya kuzungusha haina nyota wala reli. Ile simu nyekundu ilitoka kabatini ikaifanya kazi hiyo. Kisha nikatumia kumbukumbu ya kigeuzi: ukiishikilia namba 1 kwa muda kabla ya kuiachia, inampigia mziwanda, 2 ni dada, 3 ni jirani yuleyule, ambaye sasa anapigiwa kwa salamu tu. Niliziandika kwa wino mzito kwenye kikaratasi cha mviringo kilichomo katikati ya sahani, pale palipokuwa pakiandikwa namba ya simu yenyewe.

Kwa faida ya msomaji: namba ya dharura 112 kwa sahani ni mapigo manne tu, kwa hiyo inapigika upesi. 999, inayotumika Kenya na Uingereza, ni mapigo 27.

Laini ya mama na meseji zisizoonekana

Kosa lililoleta usumbufu mkubwa kuliko yote halikuhusu waya. Familia iliamua kuweka ndani ya kisanduku laini ileile ya mama, ya siku zote, ili ndugu na marafiki wasijifunze namba mpya. Wazo lilionekana zuri, na kwa simu za sauti lilikuwa zuri.

Lakini laini hiyo ndiyo yenye pesa zake. Kaka alituma hela kutoka Uingereza, meseji ikaingia kwenye kisanduku, na kisanduku hakina kioo. Mama hakujua kama hela imeingia. Alipotaka kutoa, hakuna njia ya kupiga *150*00# kwenye sahani. Kikoba chake walimtumia taarifa ya mkutano, haikuonekana. Vocha nayo haikuingizika. Iliendelea hivyo mpaka mwenyekiti wa kikoba alipokuja mlangoni kuuliza kulikoni.

Nilishauri wanunue laini nyingine kwa ajili ya kisanduku, isajiliwe kwa kitambulisho cha mama na alama zake za vidole, isifunguliwe huduma ya pesa kabisa. Laini ya zamani ikarudi kwenye kitochi, kikakaa chajini pembeni ya kitanda. Kwenye kitochi tukaweka agizo la kuhamisha simu zisizopokelewa kwenda laini mpya. Ni lile la **61*, likifuatiwa na namba na reli. Anayempigia kwa namba ya zamani, kitochi kisipopokelewa, simu ya kuzungusha inalia sebuleni. Kumbuka kuwa kuhamisha simu kunatozwa upande wa aliyehamisha, kwa hiyo kitochi kinahitaji salio. Mziwanda humwekea laini zote mbili kutoka kwenye simu yake.

Ilivyo sasa

Simu inatumika kila siku. Mama anapiga kwa dada baada ya magharibi, na dada anasema anaijua simu ya mama kabla hajaongea, kwa mkwaruzo ule wa kaboni uliobaki. Umeme ukikatika betri ya kisanduku inashikilia jioni nzima. Ile nyekundu imewekwa chumbani kwa mama kama simu ya pili kwenye laini ileile. Kengele yake ni ya kielektroniki, haili umeme mwingi, kwa hiyo haiinyang'anyi ile ya sebuleni.

Kuna jambo ambalo halijatatuliwa. Mkonga ukikaa vibaya, laini inabaki wazi na kila anayepiga anakuta simu inatumika. Zamani kituo cha simu kilikuwa kinapiga kelele ndani ya mkonga mpaka urudishwe. Kisanduku hiki kinanyamaza. Imeshatokea zaidi ya mara moja, na mara zote mziwanda ilibidi aje kwa miguu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kwenda kwenye soketi kabla ya simu. Kama mziwanda angegombana na muuzaji akabadilishiwa, angeletewa simu nyingine nzima ambayo nayo ingekaa kimya. Gharama kubwa ya kisa hiki haikuwa simu yoyote kati ya hizo mbili. Ilikuwa kuitafutia simu mahali pa kuchomekwa. Kisanduku na kigeuzi kwa pamoja viliipita bei ya 746.

Uamuzi wa kununua simu ya pili naona ulikuwa sahihi, ingawa mziwanda hadi leo ana mashaka. Watu husema mzee anahitaji kitu "rahisi". Mama hakuhitaji kitu rahisi. Kuzungusha tarakimu 10 ni kazi kuliko kubonyeza. Alihitaji kitu ambacho mkono wake unakijua, na kengele ambayo sikio lake linaitenganisha na televisheni, redio ya jirani na simu ya mjukuu. Mkonga mzito ulisaidia pia. Anajua ameushika na anajua ameuweka.

Kuchagua kisanduku cha laini badala ya intaneti kulikuwa na gharama yake: kengele dhaifu, kigeuzi cha ziada, sekunde 4. Kwa adapta nzuri ya intaneti matatizo mawili kati ya hayo yasingekuwepo. Hata hivyo nyumba ile haina intaneti ya uhakika, na simu ambayo haitegemewi ni mbaya kuliko simu yenye usumbufu. Siku faiba ikifika mtaani, kisanduku kitaondolewa na simu itahamishiwa kwenye kifaa cha faiba. Kigeuzi kilichomo ndani kitabaki na faida yake kama kifaa hicho nacho hakisikii mapigo.

Kuhusu laini ya pesa, hakuna aliyefikiria kwamba namba ya simu siku hizi ni pochi, sanduku la barua na kitambulisho kwa pamoja. Ukiihamishia kwenye kifaa kisicho na kioo umevifungia vyote vitatu. Hili linawapata hata wanaonunua zile simu za mezani za mtindo wa kale zenye nafasi ya laini ndani. Baadhi zina kioo kidogo, nyingine hazina, na tangazo halitakwambia.

Kwa anayetaka kununua

Sokoni kuna za namna tatu, na kwenye picha hazitofautiani. Kuna za vibonye vilivyovaa duara. Kuna za sasa ambazo sahani inazunguka kweli lakini ndani zinatuma milio. Hizi kwa nyumba nyingi ndizo zenye usumbufu mdogo kuliko zote, na kama tungeanza upya bila mama mwenye kumbukumbu zake ningezitaja kwanza. Na kuna za zamani zenyewe, zinazotuma mapigo. Muuzaji ukimwuliza "inatuma mapigo au milio?" akakujibu "inapiga vizuri tu", tafuta mwingine.

Anayeuziwa bakelaiti aisugue kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka ipate joto, kisha anuse. Bakelaiti ina harufu kali ya dawa. Plastiki ya kawaida haina. Kwa sisi wa mwambao kuna la ziada: chumvi ya hewa. Migusano ya shaba ndani ya sahani huota ukungu wa kijani. Usiiweke simu chini ya dirisha linalotazama bahari, hata kama hapo ndipo inapopendeza.

Kaka mkubwa, baada ya kuona ya mama, ametaka yake huko Uingereza. Huko laini za zamani za shaba zimepangwa kuzimwa mwishoni mwa Januari 2027, na simu za mezani zinahamia kwenye ruta ya intaneti. Nimemwambia aiulize kampuni yake swali moja tu kabla hajanunua: ruta yao inasikia mapigo? Bado hajaniletea jibu.